Zege Lililopakwa Hina

Asubuhi hiyo nilitoka Kinondoni bila mpango wowote, jambo ambalo shangazi yangu aliwaeleza majirani kwa heshima kubwa zaidi: alisema nimekwenda kutafuta kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya mwalimu wa jiografia kutufundisha mto mmoja kwa wiki tatu mfululizo, nami nikaona ni haraka zaidi kwenda kuuona. Nilifika Ruvu, ambao haukuwa mto wenyewe, nikaridhika. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kwenda kuona.

Wiki ile Serikali ilikuwa imeamua tena kutupenda sisi tusio na kazi. Mapenzi yale yalikuja kwa lori. Mgambo walisimama njia panda, wakaomba barua, na asiyekuwa na barua akapandishwa nyuma kupelekwa shamba la mbali kulijenga taifa, ambalo kumbe lilikuwa halijengeki mtu akiwa Kinondoni. Barua yenyewe ilitakiwa iwe na muhuri, kutoka kwa mwajiri au kwa mwenyekiti wa kijiji. Asiye na barua alikuwa mzururaji hata akiwa amekaa.

Nilibeba shati moja, kikoi, na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili niliyoiokoa kwa muuza karanga aliyekuwa akiichana kurasa za kufungia. Alikuwa ameanza kuichana pande zote mbili, kwa hiyo ilianzia mwishoni mwa C na kuishia katikati ya S. Niliihesabu kuwa elimu ya kutosha. Nilikuwa najua Kiingereza chote isipokuwa mwanzo na mwisho.

Kwa kuwa mgambo nilisikia wako Magomeni, mimi nilishika Barabara ya Bagamoyo kuelekea upande usio na mgambo. Lori tupu lililokuwa linakwenda Wazo kupakia saruji lilinibeba, na lilikuwa tupu kwa jina tu, maana vumbi la safari zake zote zilizopita lilikuwa bado limo. Niliposhushwa nilikuwa mweupe kama mtu aliyefufuka siku ya kwanza. Nikaendelea kwa miguu, nikapita Bunju, na mbele yake kidogo nikaingia kijiji kipya cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa mistari kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha.

Mwenyekiti wa kijiji alinikuta kisimani nanawa.

"Wa wapi wewe?"

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba. Nimeuliza wa wapi."

"Kinondoni."

"Barua?"

Nikajimwagia maji tena usoni. Alikuwa mtu mnene wa wastani, mwenye kalamu tatu mfukoni na, kama nilivyokuja kugundua, wino katika moja. Macho yake yalishuka kwenye kamusi niliyokuwa nimeiweka juu ya jiwe isilowe.

"Kiingereza unajua?"

"Kidogo," nikasema. Kwetu pwani mtu anayesema kidogo hueleweka kwamba anajua sana ila kalelewa vizuri. Mimi nilikuwa nasema kweli tupu, na sijawahi kuadhibiwa kwa uongo kama nilivyoadhibiwa kwa ukweli ule.

Alinishika mkono, akanipeleka katikati ya kijiji. Palikuwa na sanduku kubwa la mbao, na ndani yake mashine ya kusaga mahindi, ya kwanza kijijini. Pembeni palikuwa na msingi wa zege uliomwagwa jana yake, Jumanne, na nondo nne za kufungia mashine zikitokeza juu kama vidole. Jumamosi angekuja mgeni rasmi kuizindua mashine. Kijiji kilikuwa kimeshafanya vikao vitano kuhusu mgeni rasmi. Kuhusu mashine kilikuwa bado.

Tatizo, mwenyekiti alieleza, ni karatasi. Mashine ilikuja na karatasi ya Kiingereza yenye mistari kumi na mmoja ya jinsi ya kuifunga. Wachina waliokuwa wakichimba mitaro ya mpunga ng'ambo ya kijiji wameahidi kutuazima fundi wao wa mitambo. Lakini fundi huyo hagusi kitu bila maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha yake, na mkalimani wao alisomea Kiswahili na Kirusi. Kiingereza hakukisomea.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe utatoa Kiingereza ulete Kiswahili, yeye atatoa Kiswahili apeleke Kichina. Ukimaliza, nakuandikia barua, muhuri pap, wewe ni mwanakijiji na mfanyakazi."

"Na nisipomaliza?"

"Jumamosi mgeni rasmi anasindikizwa na mgambo. Lori lao litarudi tupu." Akanitazama kwa huruma. "Mie sipendi lori lirudi tupu."

Nilipewa malazi ghalani, juu ya mifuko ya saruji iliyobaki. Nimewahi kulala pabaya zaidi, lakini sijawahi kuamka mgumu vile.

*

Mkalimani alikuja Alhamisi asubuhi kwa baiskeli. Alikuwa kijana mwembamba, rika langu, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Kiswahili chake kilikuwa cha redio, safi hadi kinatia aibu. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto, na watoto wa kijiji kile, ambao hawakuwahi kupata heshima ya aina hiyo, walimzunguka mara tatu tatu ili waitikie marahaba.

"Ndugu," akaniambia, "naomba radhi mapema. Mimi nina kanuni moja. Siandiki nisichokiona."

Nilidhani ni maneno ya heshima tu. Ilikuwa sheria. Mstari wa kwanza ulisema fungua sanduku. Tukaenda tukalitazama sanduku. Wa pili ulitaja nondo; akazishika zote nne. Fundi wao, alisema, aliwahi kufunga pampu kwa karatasi iliyotafsiriwa na mtu aliyekaa ofisini, na kidole chake kimoja kilibaki kwenye pampu ile. Tangu hapo mkalimani hukiona kitu kwanza, ndipo hukiandika.

Tulikwenda vizuri mpaka mstari wa nne. Ulikuwa mfupi kuliko yote: "Cure seven days." Siku saba nilizijua. Nikafungua kamusi kwa madaha, mbele ya kamati nzima ya kijiji iliyokuwa imekuja kuona elimu ikifanya kazi. Neno lilikuwepo, ukurasa wa mbele kabisa, ule ambao karanga zilikuwa karibu kuufikia. Lakini mtu alikuwa amechana pembe yake kusokotea sigara. Maana ya kwanza ilibaki. Zilizofuata zilikuwa zimeshavutwa.

"Tibu," nikasoma. "Ponyesha. Tibu siku saba."

Mkalimani akasimama, daftari mkononi. "Naomba kumwona mgonjwa."

Kamati ikatazamana. Mzee mmoja wa kamati akasema huenda ni mashine, imesafiri mbali melini. Mwingine akasema labda ni wafungaji, wapimwe kwanza kifua. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa vikao, alilimaliza jambo kwa njia aliyoijua.

"Ndugu zangu, mashine ni chuma. Chuma hakiugui. Kwa hiyo mstari wa nne hautuhusu. Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mikono yote ikanyooka, na wangu pia, maana nilikuwa mwanakijiji mtarajiwa. Lugha ya Kiingereza, iliyoundwa na watu wengi kwa muda mrefu bila kikao hata kimoja, ikapata maana kwa kura za ndiyo tu.

Mkalimani peke yake hakunyoosha. "Ndugu mwenyekiti, naomba radhi. Sijaona."

Tulipoachwa wawili, nilimwambia ukweli kwamba neno lile nimewahi kulikuta kwingine. Kariakoo niliwahi kupakua makopo ya tumbaku, na lilikuwa limeandikwa ubavuni. Na bandarini nililikuta kwenye maboksi ya samaki wa chumvi. Tumbaku haitibiwi, na samaki yule matibabu yalikuwa yamemchelewa.

Macho ya mkalimani yaling'aa. Nilitambua ugonjwa huo, ninao. "Twende tukaone," akasema.

Siku nzima tuliizunguka ile nchi kama wakaguzi. Tulianza zahanati, mganga msaidizi akatuonyesha mtoto aliyetoka malaria, anacheka. Mkalimani akaandika herufi moja, yenye alama ya maji pembeni, akanieleza kwamba hiyo ni ya kutibu. Tukashuka pwani, kwa mama mmoja aliyekuwa anatia chumvi papa na kumwanika. Harufu ile ilimfanya mkalimani avue miwani, kana kwamba inaingilia machoni. Akaandika herufi nyingine: kutia chumvi ili kisioze. Kisha kwa bwana mmoja wa kutoka kusini aliyekuwa ametundika majani ya tumbaku darini, akatusimulia tumbaku ya kwao hadi jua likahama. Herufi ya tatu.

Tukakaa kando ya barabara tukizipima. Kichina, alinieleza, hakikubali neno moja kufanya kazi tatu. Kila kazi ina mtu wake.

"Kwenu kuna ajira kwa wote," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anafikiri. "Ndugu, mtoto, samaki, tumbaku. Kitu gani kimefanana?"

"Vyote vimewekwa vikae."

"Samaki na tumbaku vimekaushwa. Labda mashine ikaushwe juani siku saba."

Ilionekana sawasawa. Ilikuwa na mantiki, ushahidi na wasomi wawili. Sijui ni mambo mangapi yameharibika katika nchi hii yakiwa na vitu hivyo vitatu.

*

Ijumaa alirudi akiwa hajaandika. Alisema alilala na herufi zile zote akaona hakuna hata moja inayokubali kukaa mstari wa nne, baina ya msingi na mashine. Alitaka kuona zaidi. Mimi nilitaka barua. Nilimwambia waziwazi: lori linakuja kesho, andika chochote. Akaniuliza lori gani, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema pole sana, na akakataa kuandika.

Tulikuwa tunapita kwenye nyumba ya mama aliyeongoza umoja wa wanawake wa kijiji. Ndiye angempokea mgeni rasmi kwa mkono na kumvisha shada, na ndiye aliyepiga kelele miaka miwili mashine ile iletwe, kwa sababu, alivyokuwa akisema, wanaume hujenga ujamaa mchana na wanawake huutwanga usiku. Alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, mikono juu ya mapaja, viganja juu. Mikono na miguu ilikuwa imejaa hina mbichi. Wifi yake alikuwa anamlisha wali kwa mkono, tonge baada ya tonge.

Mkalimani akasimama ghafla. "Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Naumwa nini? Nimepakwa hina. Leo hata nzi akinikalia puani, huyu ndiye ananifukuzia."

"Na anachagua nzi wakubwa tu," akasema wifi. "Wadogo naambiwa niwaache."

Wakati huohuo mwenyekiti akatokea akija mbio, kofia mkononi.

"Mama, mazoezi ya ngoma! Wenzako wote wako uwanjani."

"Mwenyekiti, mazoezi nimeyajua kabla hujawa mwenyekiti. Sitoki hapa."

"Dakika kumi tu. Hina yenyewe si imeshakauka?"

"Haitakiwi ikauke, inatakiwa ikolee! We kwenu hakuna wanawake? Nikiamka sasa inabanduka, na kesho mgeni wako atashikwa mkono na rangi ya chungwa bovu. Utamwambia nini?"

"Tutamwambia ni rangi ya Chama," akanong'ona wifi, na wote wawili wakacheka hadi tonge likaanguka.

Mwenyekiti aliondoka akisonya. Wifi akachukua kikombe, akachovya kitambaa katika maji ya ndimu na sukari, akaanza kuilowesha ile hina taratibu, kidole kwa kidole. Mkalimani alipiga magoti. Kweli alipiga, kwenye mchanga.

"Mama, naomba kuelewa. Unangoja, lakini unaitia maji. Kwa nini?"

"Ndiyo kuilea huko, mwanangu. Ukiiacha jua liinyonye, inakauka juu, ndani haijashika kitu. Inakuwa ganda. Unaipa maji kidogo kidogo, nawe unatulia. Hushiki mlango, hushiki sufuria, hujikuni. Bibi harusi analishwa kama kifaranga. Ukiwa na pupa, umepata matope tu."

Mkalimani aligeuka polepole akatazama uwanjani. Nami nikageuka. Msingi wa zege ulikuwa palepale tangu Jumanne, umeachwa wazi kwenye jua la pwani, mweupe, na hata kutoka barazani pale niliona nyufa nyembamba zimeanza kutembea kutoka kwenye nondo.

Tulikimbia.

Fundi mwashi aliyeumwaga tulimkuta amekaa kwenye toroli lake lililopinduliwa. Alikuwa mtu wa makamo, hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, na katika siku zile zote hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote.

"Fundi," nikasema, "hili zege, ukishalimwaga unalifanyaje?"

"Unalifunika magunia, unalimwagilia asubuhi na jioni. Wiki nzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema Jumanne. Mwenyekiti akaniambia tusubiri karatasi itafsiriwe."

"Ungesisitiza."

"Kwa Kiingereza?" akasema fundi.

Basi tulikuwa tumezunguka zahanati, papa na tumbaku ya kusini kumkwepa mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kwenye msingi. Najiona mwerevu hadi leo, lakini siku hiyo huwa naiweka pembeni.

Mkalimani alikuwa tayari anaandika. Aliandika herufi mbili, akanionyesha ya kwanza. Sehemu ya juu, alisema, zamani ilikuwa kondoo; maana yake ni kumlisha anayekutegemea, kama mama na mtoto, kama mgonjwa anayepata nguvu. Ya pili ni kulinda. "Kulea na kulinda. Sikuwahi kulisikia kwa zege," alikiri. "Lakini yule wifi alikuwa analisha. Nimeona."

"Fundi wenu ataelewa?"

"Ataelewa au atanitukana. Vyote ni majibu."

*

Mwenyekiti alifika na kamati yake kabla wino haujakauka. Mtu alikuwa ameshampelekea habari kwamba neno limepatikana, na yeye alikuwa mwepesi wa kupiga mahesabu ya siku. Jumanne hadi Jumanne. Jumamosi ilikuwa katikati.

Hakunifokea. Alinivuta kando, akatoa bahasha, akaifungua nione. Ilikuwa barua yangu. Imeandikwa yote, kwa mwandiko mzuri wa mshazari: kwamba mimi ni mwanakijiji, ni mchapakazi, ni mfano wa vijana. Muhuri ulikuwa umeshagongwa. Pengo lilikuwa moja tu, pa sahihi.

"Kamati ilishapitisha," akasema kwa sauti ya chini. "Kutibu. Halituhusu. Wewe ndiye mtaalamu wa Kiingereza. Huyu Mchina anakusikiliza wewe. Mwambie ni kutibu, Jumamosi ipite, mimi natia sahihi hapa hapa."

"Na zege likipasuka mashine ikinguruma?"

"Litapasuka Jumapili," akasema. "Mgeni rasmi atakuwa ameshaondoka."

Mkalimani alikuwa amesimama hatua chache, kalamu juu ya karatasi. Aliuliza kwa ule upole wake wa redio: "Ndugu, unathibitisha maana?"

Ningependa kusema niliwafikiria wanawake ambao wangeizunguka mashine ile na mabeseni yao. Niliwafikiria, lakini baadaye. Pale pale nilifikiria lori. Kisha nikafikiria kwamba nimelihangaikia neno lile siku mbili, nimenusa papa kwa ajili yake, na mtu aliyehangaikia kitu hivyo hawezi kukiuza kabla hajakionyesha. Ilikuwa majivuno, si uadilifu. Matokeo yake yalifanana, na sijawahi kuyasahihisha.

"Ni kulilea zege," nikasema kwa sauti, kamati isikie. "Magunia na maji. Hadi Jumanne. Kabla ya hapo hakuna mtu kufunga chochote juu yake."

Mwenyekiti aliikunja barua mara mbili, akairudisha kwenye bahasha, bahasha mfukoni, nyuma ya kalamu tatu. "Basi kesho," akasema, "utakuwa na usafiri."

Jioni ile mama wa hina, ambaye alipata habari bila kunyanyuka barazani, alituma wanawake wanane na magunia. Waliulowesha msingi na kuufunika, wakauimbia nyimbo za bibi harusi, zile ambazo maneno yake sitayaandika. Tulimalizia mistari iliyobaki, karatasi ikapelekwa kambini, na kabla jua halijazama mjumbe wa baiskeli alileta jibu la fundi Mchina. Mkalimani alinisomea. Lilikuwa na maneno machache: "Hatimaye mtu anayejua kazi. Nitakuja Jumanne."

*

Mgeni rasmi alikuja Jumamosi hata hivyo, kwa sababu ratiba ya mgeni rasmi ni zege lililokwisha kukomaa. Nilikuwa nyuma ya ghala, nimefunga mfuko wangu, natafuta upande wa kukimbilia, nikaona kila kitu. Mama alimpokea kwa mikono iliyokolea nyekundu nyeusi kama damu ya mzee, hata mgeni akaisifu. Kisha hotuba. Kisha mwenyekiti, ambaye hakuwa na mashine ya kuzindua, alimkabidhi mkasi, na mgeni rasmi akakata utepe na kuzindua magunia manne yenye maji. Watu walipiga makofi. Mgeni alisema amefurahishwa na hatua iliyofikiwa.

Mkalimani alinikuta pale. Alikuwa amekuja na lori lao lililokuwa linakwenda mjini kuchukua vipuri.

"Ndugu, mimi sina uwezo wa kukuandikia barua ya kijiji," akasema. "Lakini umefanya kazi na kambi yetu siku mbili. Nimeona." Akanipa karatasi iliyojaa herufi zake, na chini yake muhuri wa kambi, wa duara, mwekundu, mkubwa kuliko mihuri yote niliyowahi kuikimbia.

"Inasema nini?"

Aliona haya kidogo. "Inasema: 'Mtu huyu hajui Kiingereza. Lakini akishindwa hukubali kwenda kuuliza.' Naomba radhi. Siandiki nisichokiona."

Lori la Wachina lilipita mbele ya lori la mgambo bila kusimamishwa, nami nikiwa kiti cha mbele. Nilishuka mjini, na kwa kuwa Kinondoni shangazi alikuwa ameshawaambia watu nimepata kazi, sikuona haki ya kumwaibisha. Nikaenda Magogoni kuvuka Kigamboni, ambako nilikuwa sijawahi kufika wala kuwa na sababu ya kufika.

Penye pantoni palikuwa na mgambo wawili. Nilitoa karatasi. Wa kwanza aliitazama muda mrefu, akampa wa pili. Wa pili aligusa ule wekundu kwa kidole, kuona kama unatoka.

"Hii ni ya nini?"

"Ya Wachina."

Wakapeana macho. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kukosana na urafiki wa mataifa mawili. "Pita, mtaalamu," akasema, na akanipigia saluti. Nilikuwa bado mweupe wa saruji masikioni.

Ng'ambo, hakuna nyumba iliyokubali mgeni bila ruhusa ya balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kumjua kila alalaye katika nyumba zake kumi na sababu ya kulala huko. Nilimkuta uani anasuka kiti cha kamba, daftari la wageni liko kando yake. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili ambao ulikuwa mtupu, akarudi upande wa kwanza.

"Kichina hiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Kinasema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa cheo nilichokuwa nimekipata. Kigamboni nzima hapakuwa na mtu wa kunipinga. Ningeweza kuwa mhandisi. Ningeweza kuwa mwalimu wa mwalimu wa jiografia.

"Kinasema sijui Kiingereza," nikajibu.

Balozi alinitazama, akaitazama ile karatasi na muhuri wake, kisha akaanza kucheka polepole hadi kiti kikamtoka mikononi.

"Yaani wamekuandikia na muhuri juu!" Akafuta macho, akafungua daftari, akaandika kwa makini, akisoma kwa sauti kila alichoandika: "Mgeni mmoja. Barua ipo. Muhuri upo. Hajui Kiingereza." Akafunga daftari. "Hata mie sijui. Chumba kiko nyuma ya jiko, mkeka utamwomba mama. Na leo umwagie maji sakafu kabla ya kulala, jana tu imesakafiwa."

Nikaenda kuomba ndoo.